Laptop Iliyowaka Kawangware Ikagoma Silanga

Hakuna maneno yanayonichoma kama "mbona hapa inawaka?" Niliambiwa hivyo na fundi wa laptop kule Kawangware, kituo cha 46, amekunja mikono kifuani, ameegemea meza yake kana kwamba hana haraka na dunia hii. Laptop yangu ilikuwa mbele yetu, imewaka, picha zote zimepangika kwenye skrini. Ile ile iliyonigomea nyumbani Silanga jana yake jioni hadi nikataka kuitupa bwawani. Haki ya nani, kama si ile kazi iliyokuwa ndani yake, ningeiacha pale pale mezani nikaenda zangu.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu ambavyo waombolezaji hupewa, vyenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Sisi tuliotoka Western, na wenzetu wa upande wa ziwa, mtu akifa Nairobi hatumziki Nairobi. Jamaa hukutana kila jioni wanapanga safari, mwili unangoja mochari, na kabla gari halijaondoka lazima programu iwe tayari. Kibanda changu kiko Silanga, hapa Kibera, katikati ya muuza makaa na mama mmoja muuza sukuma wiki. Karatasi zangu nazifunika kwa kitambaa siku nzima kwa sababu ya vumbi la makaa, na bado mteja haishi kuniuliza kwa nini marehemu wake ana doa shavuni.

Huyo mama wa sukuma ndiye aliyefiwa. Mume wake alikuwa mwashi, mtu mkimya, akirudi jioni na saruji kwenye nyusi. Nyumbani kwao Western alikuwa na mke mkubwa na watoto, hilo kila mtu alilijua. Jirani yangu alikuwa mke wa hapa. Wamekaa pamoja tangu kabla mimi sijaja Silanga, watoto wao wamekulia mlangoni pangu wakiniharibia stapla, lakini hakuwahi kujengewa nyumba katika boma la kina mume. Na kwetu, mwanamke asiyekuwa na nyumba bomani, siku mume akifa, watu huanza kumwita "yule wa Nairobi."

Kwa hiyo programu ile haikuwa karatasi tu. Kinachosomwa kaburini mbele ya ukoo, chifu na kanisa, kimesomwa. Ukitajwa kuwa mjane, wewe ni mjane. Wanao wakitajwa, hata kesho wakienda kuomba mahali pa kujenga, hakuna atakayewauliza nyinyi ni kina nani. Usipotajwa, basi umekwenda kumzika mume wa watu.

Shemeji mkubwa wa jirani yangu, kaka wa marehemu, alikuja mwenyewe kibandani kwangu, akaketi kwenye benchi, akavua kofia. Alikuwa na karatasi za ukoo na bahasha ya picha. Alinisomea polepole, baba na babu, mama na kina mama, wake za ndugu, wakwe, wajukuu, mimi nikipiga chapa. Alipofika kwa wajane alitazama mlangoni. Jirani yangu alikuwa nje anakatakata sukuma, na nakwambia lile fungu moja alilikata hadi likawa kama majani ya chai.

"Wote ni wake," mzee akasema. "Andika wote wawili. Na watoto wote."

Nikaandika. Akanifanya nimsomee tena, akatikisa kichwa kukubali, akakusanya karatasi zake na picha zake, na usiku huo akapanda basi kwenda kutayarisha boma. Huko kwao mtandao ni wa kupanda kilima. Simu yake ikawa haipatikani.

Sasa utaniuliza kwa nini sikumtumia mtu ile kazi kwa simu. Wateja wangu wote nawaambia, kazi haitoki kwa simu kabla sijaichapisha. Nimeshaumwa. Nakaa na mtu siku mbili nampangia picha, namsahihishia majina ya wajomba, kisha anasema, mama, nitumie niwaonyeshe wengine, na kesho yake naona programu yangu, mistari yangu, maua yangu kwenye kona, imechapishwa kwa printa ya mtu mwingine huko Makina. Hapana. Wenzangu wote wa kazi hii hufanya hivyo hivyo. Kwa hivyo kazi ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya laptop, na laptop yenyewe ilikuwa imeanza kugonga.

Ndiyo, kugonga. Ile diski ya zamani ilikuwa inatoa mlio, tak, tak, kisha kila kitu kinaganda. Nilipoweka picha ya mwashi kwenye ukurasa wa mbele iliganda muda wa mtu kupika chai na kuinywa. Nikaogopa itakufa na kazi ya watu tumboni. Ndipo nikaifunga kwa leso, nikapanda boda, nikaenda kwa fundi wangu, ambaye zamani alikuwa hapa Kibera kabla hajahamia Kawangware na kuanza kujiona.

Sitamnyima haki yake, alifanya kazi. Alihamisha kila kitu kwenye diski mpya, ile nyembamba isiyo na mlio. Ya zamani ilimaliza kunakiliwa ikakata roho pale pale, haikuzunguka tena. Akaniwashia, akanifungulia ile programu, mwashi akatokea na suti aliyovaa kwenye harusi ya mtu mwingine. Nilifurahi. Laptop ilikuwa inawaka upesi hadi nikacheka. Nikaizima, nikachomoa chaja, nikarudi Silanga.

Nyumbani nikachomeka. Betri yake ilishakufa kitambo, bila waya haiishi hata dakika. Ikanisalimia na ile salamu yake ya kila siku, maandishi meupe yakilalamika kwamba tarehe na saa si sahihi, nibonyeze kitufe niendelee. Hiyo ilianza mwaka jana. Nilishaizoea, unavyozoea mtu wa nyumbani anayekohoa, husikii tena. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na mstari mmoja ukaandika kwamba haioni diski yoyote ya kuwakia.

Nikazima, nikawasha. Mstari ule ule. Nikabadilisha tundu la stima. Nikaenda kuomba tundu la muuza makaa. Nikaipangusa, nikaipuliza, nikaipiga kofi dogo ubavuni, nikaomba Mungu, nikaipiga kofi kubwa. Mstari ule ule! Nilipogeuka, jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni.

Nyuma yake akatokea shemeji yake mdogo, aliyebaki mjini kusimamia safari. Huyu ni wa viatu vilivyochongoka na simu mbili. Katika vikao vya jioni hakuwahi kupinga neno la kaka yake, ila alikuwa na tabia ya kukohoa likitajwa jina la jirani yangu. Alichungulia kibandani, akaona skrini nyeusi, na nilimwona kabisa akipata raha.

"Usijisumbue, mama," akaniambia. "Nyumbani sokoni kuna mahali wanachapisha. Nitawapigia waandike tu."

Nikamuuliza wataandika nini, na karatasi za ukoo anazo kaka yake. Akasema wao ni watoto wa pale, wanajijua. Akaondoka akipiga simu. Jirani yangu akarudi kwenye meza yake akainyunyizia sukuma maji, ingawa ilikuwa imelowa tayari.

Kesho yake asubuhi ndiyo nikaenda Kawangware mara ya pili, na ndiyo nikaambiwa hayo maneno. Fundi aliichukua, akaichomeka, vidole vyake vikapita kwenye vitufe haraka haraka kabla sijamaliza kumweleza, skrini ya buluu ikatokea na kupotea, na laptop ikawaka.

"Mbona hapa inawaka, mathe?"

Kisha akanihubiria. Ati shida si laptop, shida ni stima yetu ya Kibera. Ati ile ya kuunganishwa nyumba kwa nyumba haina nguvu, diski mpya inataka stima ya heshima. Nikamuuliza tangu lini Kawangware ikawa Runda ya matajiri. Waya zilizoning'inia juu ya mlango wake zilikuwa zimefungana kama nywele zisizochanwa, na yeye ananiambia stima ya heshima! Akacheka, akasema anajua anachosema, akanirudishia. Hakuwa na printa. Ningeweza kuihamishia kazi kwenye flashi, lakini yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani na yake ilijaa virusi, alikiri mwenyewe. Na kwa nini nihamishe, si imepona?

Nikachomoa waya, nikaenda mbio Silanga. Nikachomeka. Tarehe na saa si sahihi. Kitufe. Weusi. Haioni diski.

Nililia. Siyo machozi ya huzuni, ni yale ya hasira yanayounguza pua. Nilimtukana fundi, nikamtukana aliyevumbua stima, nikamwambia muuza makaa aondoe magunia yake mlangoni pangu kana kwamba ndiyo yaliyoizima. Maskini, akayaondoa. Jioni hiyo kwenye kikao shemeji mdogo alitangaza kwamba programu ingetengenezwa nyumbani kwa sababu ya hitilafu za mitambo. Ndivyo alivyosema, hitilafu za mitambo. Watu wakaitikia kwa vichwa, wamechoka, gari linaondoka keshokutwa alfajiri, nani atabishana?

Baada ya kikao jirani yangu alinifuata hadi kibandani. Mwanamke huyu hakunisumbua tangu mume afe. Hakulia mbele yangu, hakuniomba chochote, hata ile programu alikuwa akiitazama kwa mbali.

"Wakichapisha wao," akasema, "watoto wangu hawana baba."

Nikamwambia kesho twende wote wawili kwa yule fundi na hatutatoka mpaka kieleweke. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa. Ukweli nilikuwa naogopa.

Tukaenda. Yeye aliacha meza yake kwa muuza makaa, akavaa sweta lake la kanisani. Fundi alipotuona alivuta pumzi ndefu. Nikamwambia asiniambie neno, awashe tu. Akachomeka, vidole vikapita vile vile, ikawaka vile vile. Akafungua mikono, umeona? Jirani yangu alipomwona mume wake kwenye skrini alisogea karibu, akakaa kwenye kiti cha mteja bila kukaribishwa.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kumpasha fundi habari zake, kuhusu uaminifu, kuhusu watu waliomsaidia alipokuwa hana hata bisibisi. Sikufika mbali. Stima ilipotea. Mtaa mzima wa 46 ulinyamaza, redio za vinyozi, mashine ya kusaga, kila kitu. Laptop ikafa. Jirani yangu akashtuka akashika mdomo.

Nilitaka kumuuliza fundi iko wapi sasa stima ya heshima, lakini nilipoona uso wa jirani yangu niliyameza. Tukangoja. Fundi akatununulia chai ya maziwa kutoka ng'ambo, nadhani kwa aibu. Aliuliza ni kazi gani hii inayotuua hivi, na jirani yangu akamweleza, kwa maneno machache, bila kumsema mtu vibaya. Fundi naye ni mtu wa huko kwetu. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya kutosomwa kaburini. Akaweka kikombe chini.

Stima iliporudi, safari hii hakugusa kitu. Aliiacha laptop iwake yenyewe mbele ya macho yake. Ikalalamika tarehe na saa si sahihi. Nikanyoosha mkono, kwa mazoea tu, nibonyeze kitufe.

Akanishika mkono. "Hiyo inasema hivyo tangu lini?"

Nikamwambia tangu zamani, hiyo si kitu, bonyeza. Akabonyeza. Skrini nyeusi, haioni diski yoyote. Pale pale Kawangware, kwenye stima yake. Niliruka kwenye kiti. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo kuona kitu kimeharibika.

Fundi akakaa akijikuna shingo, kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyejikamata mwenyewe. Kumbe ilikuwa hivi. Diski mpya aliipanga kwa njia mpya ya kuwakia, na laptop lazima iambiwe itumie njia hiyo. Yeye aliiambia. Lakini laptop hukumbuka maagizo kama hayo, pamoja na tarehe, kwa msaada wa kibetri kidogo kama sarafu kilicho ndani, na kibetri changu kilikufa mwaka jana. Kwa vile hata betri kubwa ilishakufa, kila nilipochomoa waya ilisahau kila kitu, ikarudi ilivyozaliwa, ikaanza kutafuta diski kwa njia ya zamani. Diski ya zamani ilikuwa ya njia hiyo, ndiyo maana sikuwahi kupata shida. Na kila nilipomrudishia, vidole vyake viliipa maagizo upya bila yeye kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wake bila kujua ameufunga. Kisha ananiambia mbona hapa inawaka!

"Fundi," nikamwambia, "wewe umenizungusha Nairobi nzima kwa sababu ya kidude cha saa?"

Akasema, na wewe ulikuwa unabonyeza tu mwaka mzima. Hilo liliniudhi zaidi. Mtengeneza saa wa mlango wa pili alikuwa na vibetri hivyo kwenye mkebe wa kahawa. Fundi akafungua mgongo wa laptop, akatoa kile cha zamani, kimeota unga mweupe pembeni, akaweka kipya, akaipa maagizo yake, akapanga tarehe. Halafu nikamwambia aondoe mikono. Nilichomoa waya mwenyewe. Nikangoja. Nikachomeka. Haikulalamika chochote, ikawaka moja kwa moja. Nikachomoa tena, jirani yangu akinishika kiwiko. Nikachomeka. Ikawaka. Ningeendelea mpaka jioni kama fundi hangeniambia nitaimaliza.

Mchana huo tulichapa. Stima yetu ya Kibera, ile isiyo na heshima, haikukatika hata kidogo. Mimi nilikuwa natoa karatasi, jirani yangu anakunja na kupiga stapla, akijipangusa vidole kwenye sweta kila mara asitie doa. Kila kijitabu alikifungua kwanza ukurasa ule ule, akatazama, akafunga, akaweka kwenye katoni. Nilimwambia yote ni sawa, ni mashine, haiwezi kubadilisha neno katikati. Akasema anajua. Akaendelea kufungua.

Alfajiri nilikwenda mochari kuwaaga. Shemeji mdogo alipoiona katoni alikunja uso, kisha akaukunjua, akasema vizuri sana, iletwe tuweke chini na mizigo. Nilijua ikiingia chini ya magunia yale itaonekana wiki ijayo. Nikafungua mdomo, lakini jirani yangu alinitangulia. Akasema atakwenda nayo mapajani. Akapanda, akaketi, akaiweka mapajani, akafunga mikono juu yake. Hakuna aliyemwondolea.

Siku ya mazishi nilikuwa kibandani nampigia mtu fotokopi ya kitambulisho. Simu ikaita, jirani yangu. Alikuwa ameinyoosha tu kuelekea kaburini ili nisikie. Nikamwacha mteja na kitambulisho chake ndani ya mashine. Upepo ulikuwa mwingi huko, lakini sauti ya msomaji ilifika, sauti ya mwanamume kijana, anasoma vizuri, babu, baba, kazi ya mawe, kanisa. Akafika kwa wajane. Akasema marehemu ameacha mjane, akamtaja mke mkubwa, akataja watoto wake wote. Kisha akaingia aya iliyofuata, marehemu amekuwa akiugua kwa muda.

Ameruka. Niliona kila neno la ukurasa ule kichwani, na mwanaharamu yule ameruka. Nilipiga meza kwa kiganja hadi mteja akarudi nyuma. Ndani ya simu nilisikia mchakacho wa karatasi, nyingi, watu wakigeuza kurasa kutafuta msomaji yuko wapi. Halafu sauti ya mwanamke mzima, si ya jirani yangu, karibu sana na kaburi nadhani, maana kila mtu alimsikia.

"Soma yote," akasema. "Huyu niliye naye hapa ni mwenzangu. Soma na watoto wake."

Baadaye niliambiwa kwamba huyo alikuwa mke mkubwa, na alikuwa amemshika jirani yangu mkono tangu asubuhi. Wakati huo sikujua. Nilisikia tu msomaji akikohoa, akarudi nyuma mstari mmoja, akasoma jina la jirani yangu, kisha watoto wake mmoja mmoja, hadi yule mdogo wa mwisho.